Kuufufua Uchumi wa Mtaa kwa Fedha za Umma: Mwongozo Kamili kwa Wakazi na Viongozi wa Mijini Tanzania

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa kamati ya mtaa, kiongozi wa umoja wa wafanyabiashara au mkazi yeyote wa mjini anayeona kwamba eneo lake limezorota: soko linalojaa matope kila masika, stendi iliyohamishwa ikawaacha mama lishe bila wateja, mtaro ulioziba unaowafanya wapangaji wahame. Maeneo ya namna hii yanaweza kufufuliwa kwa fedha za umma, na fedha hizo zipo kisheria, lakini hazimfuati mtu alipo. Maombi mengi hukwama kwa sababu tatu zinazojirudia: yamepelekwa kwenye ofisi isiyohusika, yamefika baada ya bajeti kufungwa, au yanahusu kiwanja ambacho hakuna anayejua kwa hakika ni cha nani. Maelezo yanayofuata yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za serikali za mitaa.

Hatua ya kwanza: tambua mfuko unaohusika

Chanzo cha karibu kabisa ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa masoko na stendi, ushuru wa huduma, leseni za biashara, ada za vibali vya ujenzi na mengineyo. Mwongozo wa bajeti unaotolewa na serikali kila mwaka huielekeza halmashauri itenge sehemu ya mapato hayo kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Kwa miaka ya karibuni sehemu hiyo imekuwa asilimia 40 kwa halmashauri zenye mapato madogo, na asilimia 60 au zaidi kwa zenye mapato makubwa. Hapa ndipo mtaa wenye umoja una nafasi nzuri zaidi, kwa kuwa uamuzi hufanywa na madiwani ambao wakazi wanawafahamu kwa majina na wanaweza kuwafuata ofisini kwao.

Chanzo cha pili ni mikopo ya asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ni fedha ya mtaji wa vikundi. Haijengi soko wala mtaro, na anayeiombea kazi hiyo atarudishwa mlangoni. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kubainika matatizo ya vikundi hewa na marejesho hafifu, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa.

Chanzo cha tatu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Fedha zake si nyingi kwa mradi mmoja, kwa hiyo zinafaa zaidi kukamilisha kazi ambayo wananchi wameianza: paa la banda la soko, vyoo, au mabati ya ofisi ya mtaa.

Kuhusu barabara na mitaro inayoambatana nazo, ombi liende kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017. Inashangaza kwamba hadi leo baadhi ya mitaa humwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua ya kuomba barabara, kisha hukaa mwaka mzima ikimlaumu kwa jambo ambalo bajeti yake haiko mezani kwake. Nakala impate mkurugenzi na diwani, lakini barua yenyewe aandikiwe meneja wa TARURA wa wilaya.

Ipo pia miradi mikubwa, kama ule wa uboreshaji wa miji 45 unaojulikana kwa jina la TACTIC na ule wa uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ambayo yote imegharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na miradi ya kimkakati ya halmashauri iliyozaa Soko la Kisutu na Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021. Mtaa hauombi fedha hizi moja kwa moja. Unachoweza kufanya ni kumuuliza mchumi wa halmashauri kama eneo lenu limo kwenye orodha ya miradi inayosubiri, kwa sababu hakuna haja ya kujenga mtaro kwa michango ikiwa mkandarasi atakuja kuubomoa mwaka unaofuata.

Hatua ya pili: fuata kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na hilo linawapotosha wengi, kwani hudhani kwamba Mei au Juni ndio wakati wa kupeleka maombi. Kwa kweli, mlango huwa umefungwa muda mrefu kabla ya hapo. Mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti hutoka kwa kawaida katika robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, vipaumbele vya mitaa na kata hukusanywa katika kipindi hichohicho, wataalamu wa halmashauri huviingiza kwenye PlanRep, yaani mfumo wa kielektroniki wa mipango na bajeti, Baraza la Madiwani hupitisha makadirio kati ya Januari na Februari, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili.

Maana yake ni kwamba kazi ya mtaa ifanyike kati ya Julai na Oktoba. Mkutano wa wakazi wa kuchagua vipaumbele ukifanyika Agosti, kamati inabaki na wiki kadhaa za kupima eneo, kumpata mhandisi na kuandaa andiko la mradi, ilhali mkutano wa Desemba huzaa ombi la mstari mmoja tu, nalo huishia kwenye orodha ya yale yatakayozingatiwa fedha zikipatikana. Mtaa uliochelewa usikae bure: halmashauri nyingi hufanya mapitio ya bajeti katikati ya mwaka, na mradi mdogo wenye nyaraka kamili huweza kuingizwa hapo iwapo mradi mwingine umekwama na fedha zake zinatafutiwa kazi.

Hatua ya tatu: chunguza uchumi wa mtaa kabla ya kuchagua mradi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, ingawa ndiyo inayoamua kama jengo litakalojengwa litatumika au litabaki gofu. Wakazi wakikusanyika na kuulizwa wanataka nini, jibu la kwanza huwa ni soko la kisasa. Kabla ya kulikubali jibu hilo, kamati itafute majibu ya maswali machache kwa kuzunguka kwa miguu.

Ianze kwa kuhesabu biashara zote zilizopo, zenye leseni na zisizo nazo, ikiandika kila moja inauza nini, iko sehemu gani, inalipa nini kwa siku na inafunga saa ngapi. Ihesabu pia wapita njia katika sehemu tatu au nne tofauti, asubuhi, mchana na jioni, katika siku ya kazi na siku ya mapumziko. Kisha iwaulize wafanyabiashara wenyewe ni kitu gani kinachowapotezea fedha nyingi zaidi. Mara nyingi jawabu linashangaza: muuza samaki atataja kukosekana kwa barafu na maji, fundi cherehani atataja giza linalomlazimu kufunga saa kumi na mbili jioni, na mwenye duka la jumla atasema kwamba gari la mzigo haliwezi kugeuza. Taa za barabarani, bomba la maji na eneo la kushushia mizigo vinagharimu sehemu ndogo ya gharama ya jengo jipya, na mapato yake huonekana ndani ya wiki chache.

Funzo la jambo hili liko wazi pale Ilala, karibu na Karume, kwenye Machinga Complex ya Dar es Salaam. Jengo hilo la ghorofa lilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa nia njema ya kuwapatia wachuuzi mahali pa kudumu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vizimba vyake ilibaki mitupu, kwa sababu biashara ya machinga inaishi kwa mtu anayepita akiwa na haraka, na mtu huyo hapandi ngazi kutafuta soksi au chaja ya simu, hasa anapovikuta vikiuzwa barabarani nje ya jengo. Deni lilibaki palepale, na wachuuzi wakarudi barabarani. Anayeandaa andiko la soko la ghorofa katika mtaa wake anapaswa kueleza, kwa maandishi, mteja atapandishwa juu na nini. Kama hakuna huduma inayomlazimu kufika huko, kama vile ofisi za malipo, zahanati au kituo cha daladala kilichounganishwa na jengo, basi ghorofa za juu zisijengwe.

Njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo halmashauri huitumia katika upangaji shirikishi, inatoa utaratibu mzuri wa kuendesha mazungumzo haya. Mwombeni afisa maendeleo ya jamii wa kata aje kuwaongoza. Tahadhari moja ni kwamba mikutano ya mchana huhudhuriwa zaidi na wenye nyumba na wazee, wakati wanaoendesha biashara za mtaa, yaani vijana wa bodaboda, mama lishe na wapangaji wa fremu, wako kazini. Kamati iwafuate walipo.

Hatua ya nne: hakikisha kiwanja hakina mgogoro

Fedha za umma haziwezi kuwekwa kwenye ardhi ya mtu binafsi, na hata eneo ambalo kila mmoja analiita la mtaa linaweza kuwa na mwenye hati aliyehamia mji mwingine. Nendeni kwenye idara ya ardhi ya halmashauri mkiwa na maelezo ya mahali, mwombe kuangalia ramani ya mipango miji, na mjue eneo limepangwa kwa matumizi gani. Likiwa ni eneo la wazi, kubadili matumizi yake kuwa soko kunahitaji kufuata Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, pamoja na tangazo kwa wananchi wenye pingamizi. Likiwa kwenye hifadhi ya barabara au ukingo wa mto, achaneni nalo.

Iwapo kuna nyumba au vibanda vitakavyoondolewa, sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Gharama hiyo iandikwe kwenye andiko tangu mwanzo, kwa kuwa fidia isiyotengewa fedha ndiyo inayowapeleka watu mahakamani na kuusimamisha mradi wote.

Hatua ya tano: andaa andiko na muhtasari wa mkutano

Andiko la mtaa halihitaji kurasa hamsini. Linahitaji maelezo ya tatizo yenye takwimu mlizokusanya wenyewe, ramani ya mkono inayoonyesha eneo, mchanganuo wa gharama uliosainiwa na mhandisi wa halmashauri au mkadiriaji majenzi, mchango wa wananchi, na makadirio ya mapato na matumizi baada ya mradi kukamilika. Kipengele cha mwisho ndicho ambacho mweka hazina atakisoma kwanza. Soko la vizimba 80 vinavyolipa shilingi 500 kwa siku, kwa mfano, linaweza kuingiza shilingi 40,000 kwa siku ikiwa vyote vina watu. Andiko la ukweli litakadiria robo tatu yake, litatoa mshahara wa mlinzi, gharama ya usafi, umeme na maji, na kuonyesha kinachobaki kwa matengenezo. Kisipobaki kitu, punguzeni ukubwa wa jengo kabla ya kufikiria kupandisha ushuru.

Nyaraka yenye nguvu kuliko zote ni muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uliopitisha mradi, ukiwa na tarehe, agenda, majina na saini za waliohudhuria, na hesabu ya waliokubali na waliokataa. Bila muhtasari, ombi ni maoni ya watu wachache, na diwani akilihoji kwenye kikao hakuna wa kumjibu. Afisa mtendaji wa mtaa ndiye katibu wa mkutano. Kama mahudhurio yake ni ya kusuasua, kamati imkumbushe kwa maandishi.

Hatua ya sita: usindikize mradi kwenye vikao

Kutoka mtaani, mradi hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata. Hapo mtaa wenu unashindana na mitaa jirani, na ni busara kuwaona wenyeviti wenzenu kabla ya kikao na kukubaliana mtaro wa nani utangulie mwaka huu na wa nani mwaka ujao. Mradi unaounganisha mitaa miwili, kama mtaro unaoanzia juu na kumalizikia chini, hupewa uzito zaidi.

Baada ya kata, mapendekezo hufika kwa timu ya menejimenti ya halmashauri, kisha kwenye kamati za kudumu, hasa ya Mipango Miji na Mazingira na ile ya Fedha na Uongozi, kabla ya Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, kwa hiyo wawakilishi wawili wa mtaa wakae kwenye viti vya wageni siku ya bajeti. Kuwepo kwao hakuwapi haki ya kusema, lakini kunamkumbusha diwani alichoahidi. Makadirio yakishapitishwa, ombeni nakala ya ukurasa unaotaja mradi wenu, wenye kiasi na chanzo cha fedha. Iwapo mtakataliwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa msingi wa kuomba kwa maandishi.

Mradi ulioandikwa kwenye bajeti bado si fedha. Mapato ya ndani huingia kidogo kidogo, na miradi iliyo tayari ndiyo inayolipwa kwanza. Kila robo mwaka, kamati imuulize mchumi fedha zimefika wapi.

Hatua ya saba: ujenzi wenyewe uingize fedha mtaani

Hapa kuna jambo linalosahaulika: ujenzi ni ajira na biashara kabla ya kuwa jengo. Mfano wa Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, bado unafaa kusomwa. Katika miaka ya 1990, chini ya mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, wakazi wa eneo hilo lililojengwa bila mpango na lililokuwa likifurika maji walijenga mitaro na barabara kwa mikataba iliyosimamiwa na chama chao cha maendeleo, wakilipwa kwa kazi ya mikono na wakijifunza kuitunza. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya mtaro ililipa pia unga na karo za watoto wa mtaa uleule.

Sheria ya sasa inaruhusu njia mbili za kupata faida kama hiyo. Ya kwanza ni utaratibu wa kutumia mafundi wa eneo chini ya usimamizi wa halmashauri, unaofahamika sana kwenye ujenzi wa madarasa na zahanati, ambapo kamati za wananchi hushiriki kununua na kupokea vifaa. Ya pili ni takwa la sheria ya ununuzi wa umma kwamba taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake kwa ajili ya makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ili kikundi cha mtaa kipewe kazi ya kufyatua matofali, kusafisha mitaro au kulisha mafundi, ni lazima kiwe kimesajiliwa na kuingizwa kwenye mfumo wa ununuzi wa NeST kabla zabuni haijatangazwa. Usajili huo uanze siku ileile baraza linapopitisha bajeti.

Wafanyabiashara wanaohamishwa kupisha ujenzi ni suala zito. Orodha yao ihakikiwe hadharani, ikiwa na jina, picha, namba ya kizimba na aina ya biashara, kisha ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa kwa wiki mbili ili wenye pingamizi wajitokeze, na nakala iliyosainiwa iwekwe kwa mtendaji wa kata, kwa diwani na kwenye umoja wa wafanyabiashara. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na serikali ikaligharamia upya. Ulipofika wakati wa kurejea, orodha ya waliostahili ilizua malalamiko makubwa kuliko ujenzi wenyewe. Eneo la muda liwe hatua chache kutoka la zamani, kwa sababu mteja aliyepotea kwa mwaka mmoja huwa ameshazoea duka jingine.

Hatua ya nane: ugawaji wa vizimba, ushuru na mtaji

Kizimba kikishakamilika kina thamani, na penye thamani hufika dalali. Mtu mwenye uwezo hupewa vizimba vitano kwa majina ya ndugu zake, kisha huvipangisha kwa wachuuzi kwa bei mara tatu ya ile ya halmashauri, na tofauti yote humwingia yeye. Mkataba uwe wa mtu mmoja kizimba kimoja, uzuie kupangisha, na useme wazi kwamba kizimba kilichofungwa kwa muda fulani bila taarifa kitapewa mtu mwingine. Malipo yote yapite kwenye mashine ya halmashauri au namba ya malipo ya serikali. Anayeomba fedha taslimu bila risiti aandikwe jina.

Wakati huu ndipo mikopo ya asilimia 10 inapokuwa na maana, kwa kuwa mtaji unakutana na mahali pa kuuzia. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki na biashara inayoonekana, kinakuwa na hoja nzito kuliko kile kilichoundwa wiki moja kabla ya kuomba. Vikundi vilivyoundwa kwa ajili ya mkopo tu, vikagawana fedha siku ileile, ndivyo vilivyoifanya serikali isimamishe utaratibu mzima, na wenye biashara za kweli wakaumia pamoja nao.

Wakati huohuo kamati iweke makubaliano ya maandishi na halmashauri kuhusu sehemu ya ushuru itakayorudi kutunza eneo. Bila hayo, ushuru wote huenda makao makuu, bomba la choo likipasuka hakuna fungu la kulitengeneza, na baada ya miaka miwili soko jipya linafanana na lile lililobomolewa.

Hatua ya tisa: fuatilia hesabu na ubora wa kazi

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais kabla ya mwisho wa Machi na kuwasilishwa bungeni Aprili. Ile ya serikali za mitaa hutaja halmashauri kwa majina, pamoja na miradi iliyolipiwa bila kukamilika. Tafuteni halmashauri yenu humo, msome hata kama mradi wenu hautajwi, kwa kuwa udhaifu uliokwisha kuandikwa na mkaguzi ni hoja ambayo mkurugenzi hawezi kuipuuza. Pale mtaani, ubao wa mradi uonyeshe gharama, mkandarasi, chanzo cha fedha na tarehe ya kumaliza. Kamati ikague vifaa vinavyoingia, ihesabu mifuko ya saruji, na iandike kila kitu kwenye daftari moja.

Mkandarasi akikabidhi kazi, sehemu ya malipo yake hubakizwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kiishe, na muda wake umeandikwa kwenye mkataba. Muulizeni mhandisi tarehe hiyo, kisha mwombe kwamba ukaguzi wa mwisho ufanyike baada ya mvua kubwa kunyesha angalau mara moja. Mtaro uliomwagiwa zege kiangazi huonekana mzima hadi maji yapite ndani yake, na fedha iliyobakizwa ikishalipwa, gharama ya kuurekebisha itatoka kwenye bajeti ya mtaa mwingine.